Lev Termen: Msee wa Muziki Aliyeunda Sikio Lisilo na Betri, Likasikiliza Mabalozi wa Marekani Miaka 7

Toa kadi yako ya benki uicheki kiasi. Ile unagusisha tu kwa mashine ya duka, inalia ti, na doh imeshahepa. Ushawahi kuiweka chaji? Zii. Ndani yake hakuna betri. Imekaa tu kwa waleti, kimya, hadi mashine iiamshe kwa mawimbi ya redio. Ikiamshwa inajibu, ikiachwa inalala. Chipu iliyo kwa pasipoti mpya ya Kenya inafanya hivyo hivyo, na pia zile stika za redio ambazo maduka makubwa majuu hubandika kwa nguo.

Sasa hii maneno ya kifaa kisicho na betri kuamshwa na mtu aliye mbali, bila mwenye nyumba kujua, ina jamaa mmoja nyuma yake ambaye maisha yake ni sinema tupu. Alikuwa mwanamuziki, mwanasayansi, jasusi na mfungwa, na alioa dem mweusi New York enzi ambazo hiyo ilikuwa noma. Jina lake ni Lev Sergeyevich Termen, ingawa majuu walimjua kama Leon Theremin. Alizaliwa 1896, akafa 1993. Wanaoandika historia ya tagi za redio hawawezi kumruka. Tulia nikupe story yote.

Mtoi wa cello na nyaya

Termen alizaliwa tarehe 27 Agosti 1896 jijini Saint Petersburg, wakati Urusi bado ilikuwa chini ya mfalme. Kwao hawakuwa wamesota. Alianza kucheza cello akiwa mdogo, na pia alikuwa yule mtoi wa kufungua kila kitu cha stima aone ndani kuna nini. Chuo alisoma fizikia na elimu ya nyota, na cello hakuiacha. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, jeshi lilimweka upande wa redio. Mapinduzi ya 1917 yakapita, mfalme akaondolewa, na Termen akajipata kwa maabara ya mwanafizikia Abram Ioffe, mji wao ukiwa sasa unaitwa Petrograd.

Mwaka wa 1920 alikuwa anaunda mashine ya kupima tabia za gesi. Ilikuwa inatoa mlio, na akashtukia kitu: akisongeza mkono mlio unapanda, akiutoa unashuka. Hajagusa chochote. Sababu ni kwamba mwili wa binadamu unashika chaji ya umeme, kwa hivyo ukikaribia antena unavuruga mawimbi yake. Mwanasayansi mwingine angekasirika ati mkono unaharibu vipimo. Lakini huyu alikuwa mchezaji cello. Akaanza kusaka noti hewani hadi akapata ngoma nzima.

Hivyo ndivyo ilizaliwa theremin, mojawapo ya ala za kwanza kabisa za muziki wa umeme. Ni boksi lenye antena 2. Mkono mmoja unaamua sauti iwe juu au chini, mwingine unaamua iwe na nguvu kiasi gani. Ukiona mtu akiicheza utadhani anaroga hewa.

Lakini kuna kitu usiache ikupite. Kwa kutumia fizikia ileile, Termen aliunda pia kengele ya wezi. Mtu akikaribia mlango au sefu, mwili wake unavuruga mawimbi na kengele inalia. Ujuzi ni mmoja: ukisimama mbele yake kwa hiari yako unaitwa muziki, ukipita bila kujua unakuchoma. Hiyo ndiyo story ya maisha yake yote, na ndiyo sababu bado inatuhusu.

Lenin anaingia box

Machi 1922 Termen aliitwa Kremlin aonyeshe vitu vyake kwa Vladimir Lenin mwenyewe, kiongozi wa Urusi mpya. Alibeba theremin na ile kengele. Lenin alizikubali zote mbili, hadi akajaribu kucheza ngoma ya mtunzi Glinka, Termen akimshika mikono kumwelekeza. Lenin alikuwa na ndoto ya kusambaza stima nchi nzima, na hapa kulikuwa na kijana wa miaka 25 ambaye stima yake inaimba. Termen akafunguliwa njia, akazunguka nchi akipiga shoo.

Katikati ya miaka ya 1920 aliunda pia televisheni, yaani mashine ya kutuma picha inayotembea, wakati dunia nzima ilikuwa na watu wa kuhesabika waliokuwa wanajaribu hiyo kitu. Unadhani wananchi waliiona sebuleni? Wanajeshi waliichukua, wakaiwekea muhuri wa siri, wakafikiria kuitumia mpakani. Hapo Termen alionjeshwa mapema vile serikali hufikiria. Wewe unaunda kitu cha kuona mbali, wao wanawaza wataona nani.

New York: masonko, madeni na dem anayeitwa Lavinia

Mwaka wa 1927 serikali ilimtuma Ulaya kuonyesha ulimwengu kwamba Wasovieti si washamba. Aliwasha Frankfurt, Berlin, London na Paris, na watu walijaa hadi wengine wakakosa kiti. Mwisho wa mwaka huo akatua New York. Alikuwa mrefu, mtulivu, suti imenyooka, na matajiri wa huko walimpenda ile mbaya. 1928 alipata hataza ya Marekani ya theremin, na kampuni kubwa ya redio ya RCA ikanunua haki za kuitengeneza kwa ajili ya nyumba za watu.

Ikaingia sokoni 1929. Kama ulisoma historia kiasi, huo ndio mwaka soko la hisa la Marekani lilianguka na watu wakabaki bila kitu. Isitoshe, theremin ni rahisi kutazama lakini kuicheza ni shughuli. Hakuna kibao cha kubonyeza, hakuna waya wa kushika, sikio lako ndilo ramani. Zilitengenezwa kama 500 hivi na biashara ikalala.

Termen hakulala. Alikuwa na studio kwenye barabara ya West 54 huko Manhattan, na kila mtu wa maana alipita hapo. Hata Albert Einstein, aliyependa kucheza fidla, alikuwa mgeni wa hiyo nyumba. Termen aliunda mashine ya kupiga midundo tofauti kwa wakati mmoja, iliyoitwa rhythmicon, akimuundia mtunzi Henry Cowell. Huo ulikuwa mwaka wa 1931. Prodyuza wa siku hizi akibonyeza kitufe na ngoma ijipige yenyewe, huyo jamaa alikuwa amefika hapo kabla babu zetu hawajakutana. Aliunda pia jukwaa ambalo mchezaji dansi akisonga, mwili wake ndio unatoa muziki.

Mapenzi nayo yalikuwepo. Alimkatia Clara Rockmore, mcheza fidla aliyekuja kuwa nyota mkubwa wa theremin duniani, lakini Clara akaolewa na wakili. Baadaye Termen akaoa Lavinia Williams, mcheza baleti mweusi Mmarekani. Kumbuka hii ni Marekani ya miaka ya 1930. Marafiki wengi matajiri waliokuwa wanakunywa chai kwake walimfungia mlango, na doh zikaanza kukauka.

Na kulikuwa na upande mwingine ambao hao masonko hawakuujua. Miaka hiyo yote alikuwa akikutana na maafisa wa ujasusi wa Kisovieti na kuwapa habari za viwanda na teknolojia ya Marekani. Shoo ilikuwa shoo kweli, lakini pia ilikuwa tiketi ya kuingia milango mikubwa.

1938: anapotea

Mwaka wa 1938 Termen alihepa. Aliabiri meli ya Kisovieti na mizigo yake ya maabara, Lavinia akabaki New York akingoja. Kwa miaka mingi watu waliamini alitekwa nyara na majasusi. Waliokuja kuchimba maisha yake walikuta deni juu ya deni, ushuru haujalipwa, na mtu aliyekuwa na hamu ya kurudi nyumbani. Alidhani mkewe atamfuata. Hakuwahi kumfuata. Miaka ya hamsini Lavinia alihamia Haiti, akafundisha dansi vizazi na vizazi, akafa 1989. Hawakuonana tena.

Nyumbani alikorudi hakukuwa kule alikotoka. Josef Stalin alikuwa anasafisha nchi, na mtu aliyekaa majuu miaka 10 alikuwa mshukiwa kwa kuvuta pumzi tu. Machi 1939 walimbeba. Kesi ya kubambikiwa, hukumu miaka 8 ya kambi. Akapelekwa Kolyma, kule Siberia mashariki, baridi ya kuua, wafungwa wakivunja mawe ya kujenga barabara. Yeye mwenyewe alikuja kusimulia kwamba alinusurika kwa ujanja: aliunda reli ya mbao ya kupitishia mikokoteni, kazi ikaenda mbio, kikosi chake kikaongezewa chakula.

Baadaye serikali ilikumbuka kwamba imeweka akili nzito kwa machimbo. Ikamtoa, ikampeleka kwa gereza la aina nyingine: maabara yenye walinzi mlangoni. Humo wanasayansi waliofungwa walifanya kazi za siri, wakalala kwa kitanda safi, wakala vizuri kuliko raia wengi wa nje, lakini walibaki wafungwa. Kati ya wenzake humo kulikuwa na Andrei Tupolev, mwenye zile ndege, na Sergei Korolev, ambaye baadaye ndiye alipeleka binadamu wa kwanza angani. Fikiria hiyo mbogi, wote ndani.

Zawadi ya watoto wa shule

Hapa ndipo mambo yanakuwa moto. Agosti 1945, vita vinaisha, Marekani na Wasovieti bado ni mabeste. Watoto wa chama cha vijana wa Kisovieti wanampelekea balozi wa Marekani mjini Moscow, Averell Harriman, zawadi ya urafiki: nembo ya taifa la Marekani, ule mchoro wa tai, imechongwa kwa mbao safi. Ni kazi nzuri ya mikono, na imebebwa na watoto. Nani atakataa? Balozi akaitundika kwa ofisi yake ya nyumbani, jumba linaloitwa Spaso House.

Ndani ya mbao kulikuwa na kazi ya Termen.

Usifikirie kinasa sauti chenye nyaya na betri. Hiyo kitu ilikuwa kikopo kidogo cha chuma, mdomoni kikiwa na utando mwembamba kushinda karatasi, kimeunganishwa na kijiti cha antena. Basi. Hakuna stima, hakuna saa, hakuna chochote cha kuisha. Ukiishika mkononi utadhani ni kipuri cha redio mbovu kimeanguka pale Gikomba.

Sasa cheki vile ilifanya. Nje, mbali kidogo na jumba, Wasovieti walielekeza mtambo wao wa redio kwa ile nembo. Mawimbi yakifika, antena inayapokea na kikopo kinaitikia. Balozi akiongea, sauti yake inatikisa ule utando, utando unabadilisha umbo la kikopo kidogo sana, na mawimbi yanayorudi nje yanakuwa yamebeba ule mtikisiko. Kule nje mtu amevaa visikizi, anasikia balozi vizuri kabisa. Wakizima mtambo, kile kifaa kinakufa. Kinakuwa chuma na mbao.

Hapo ndipo wakaguzi wa ubalozi walichezwa. Vifaa vyao vilitafuta vitu vinavyotoa mawimbi. Hiki hakikutoa chochote hadi kiamshwe, na waliokiamsha walichagua saa yao. Ukutani ilining'inia tai wa Marekani, na tai huyo alikuwa anasikiliza.

Ilikaa hapo miaka 7. Mabalozi 4 walipita. Kila mmoja aliongea mbele yake mambo ambayo alidhani yamebaki kwa chumba.

Vile siri ilitoka

Mwaka wa 1951, fundi wa redio wa Uingereza aliyekuwa Moscow alikuwa anazungusha masafa akashtuka kusikia Wamarekani wakiongea waziwazi hewani. Wamarekani walipekua, wakakosa. Wakapekua tena. Septemba 1952, balozi akiwa George Kennan, wataalamu walikuja na mbinu safi: walimwambia balozi akae ofisini ajifanye anachapa kazi, asome kwa sauti barua ya zamani kana kwamba anaandikisha ripoti, ili wanaosikiliza wawashe mtambo wao. Balozi akasoma. Fundi akafuata mawimbi hatua kwa hatua hadi ukutani, akaishusha ile nembo, akaivunja kwa nyundo. Kikopo kikatokea.

Wamarekani walikiangalia wakakosa hata jina. Wakakiita tu Kitu. Ilibidi mwanasayansi wa ujasusi wa Uingereza, Peter Wright, akae chini afumbue vile kinafanya kazi, na Waingereza wakaunda chao. Unaona vile huenda? Aliyesikilizwa hakusema hii tabia ni mbaya iachwe. Alisema na mimi nataka yangu.

Dunia ilikuja kuambiwa Mei 1960. Wasovieti walikuwa wameangusha ndege ya ujasusi ya Marekani aina ya U-2 na wakaishtaki Marekani kwa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Balozi Henry Cabot Lodge akaja na ile nembo, akaifungua mbele ya wote, akawaonyesha sikio lilikuwa limefichwa wapi. Kila upande ukabaki unaonyeshana kidole.

Na mwenyewe?

Termen hakusimama popote kupigiwa makofi. Alipewa Tuzo ya Stalin mwaka wa 1947, mwaka huohuo alioachiliwa. Kilichompatia ni mbinu nyingine inayoitwa Buran: kuelekeza mwale usioonekana kwa kioo cha dirisha, kioo kinatikiswa na sauti za walio ndani, na mwale unarudi na maneno yao. Hapo hata hauhitaji kuingiza zawadi ndani ya nyumba. Ilitumika kwa balozi za Marekani, Uingereza na Ufaransa kule Moscow.

Sasa hapa ndipo ninakuomba ufikirie. Huyu mtu alikuwa huru kwa karatasi, na bado akaendelea kufanya wera ya hao hao waliomfunga, hadi miaka ya sitini. Alioa tena, mke anaitwa Maria, wakapata mabinti 2. Majuu walidhani amekufa zamani. Clara alidhani hivyo. Aliishi mjini kwake mwenyewe kama mtu asiyekuwepo, kazi yake haitajwi, jina lake haliandikwi. Aliyeunda sikio la kusikiliza wengine aliishi akipima kila neno lake.

Alipotoka kwa mambo ya ujasusi alirudi kwa penzi lake la kwanza, akapata kazi Chuo cha Muziki cha Moscow, akaanza kuunda tena ala. Mwaka wa 1967 mwandishi wa gazeti la New York Times alitembelea chuo hicho, akamkuta, akaandika kwamba Termen yuko hai. Kwa mtu mwingine hiyo ingekuwa baraka. Kwake, wakubwa walisoma, wakamfuta, na ala zake zikaharibiwa. Msee wa miaka 71 akaanza upya, akapata kazi ya fundi Chuo Kikuu cha Moscow.

Mwisho ulikuwa mpole kiasi. 1989 aliruhusiwa kwenda Ufaransa kwa tamasha la muziki wa umeme. 1991 akarudi Marekani, miaka 53 baada ya kuondoka, akamwona Clara, wote wazee. Na usicheke: mwaka huohuo, akiwa na miaka 94, alijiunga na Chama cha Kikomunisti, miezi michache kabla Umoja wa Kisovieti kuvunjika. Alifariki tarehe 3 Novemba 1993 mjini Moscow, akiwa na miaka 97.

Muziki wake haukufa. Kijana Mmarekani anayeitwa Robert Moog alianza biashara kwa kuunda na kuuza theremin, na miaka ya sitini akaleta sinthesaiza yake. Kila ngoma ya klabu yenye bezi nzito ya mashine ina damu ya huyo babu ndani yake.

Kutoka kwa tai hadi kwa mfuko wako

Wazo lingine nalo halikufa. Mwaka wa 1948 Harry Stockman alichapisha karatasi ya kisayansi kuhusu kuwasiliana kwa mawimbi yanayorudishwa, bila kifaa cha upande wa pili kuwa na nguvu yake. Miaka ya sabini hataza zikaanza kutoka. Chipu zikawa ndogo na bei ikashuka hadi ikafika stika ya kubandika kwa shati. 2003, Walmart iliwaambia wauzaji wake wakubwa 100 waanze kuweka tagi za redio kwa mizigo.

Tofauti moja tuielewe vizuri tusiogopeshane bure. Kadi yako ya benki na pasipoti husomwa kwa ukaribu, sentimita chache. Zile tagi za mizigo na nguo husomwa kutoka mita kadhaa, na hizo ndizo ndugu wa karibu wa Kitu cha Termen, kwa sababu zinajibu kwa kurudisha mawimbi. Hazisikilizi maongezi. Zinatoa namba tu. Lakini namba moja ikisomwa mlangoni asubuhi, stendi saa sita na kwa mkutano jioni, hauhitaji maikrofoni kujua mtu ni nani na alikuwa na nani.

Na watu wameshapigania hii kitu. 2004 kule Rheinberg, Ujerumani, ilibainika kwamba kadi za wateja za duka la kampuni ya Metro zilikuwa na chipu ya redio ambayo wateja hawakuambiwa. Wananchi wakaandamana, kadi zikaondolewa. 2005 shule moja ya Sutter, California, iliwavalisha wanafunzi beji za redio. Wazazi wakakataa, mradi ukafa. Marekani ilipoanza kutoa pasipoti za chipu mwaka wa 2006, kelele zilikuwa zimepigwa hadi wakaweka kinga ya chuma ndani ya jalada ili isisomwe ikiwa imefungwa. Hizo kinga hazikuletwa na roho safi ya serikali. Zililetwa na wasumbufu.

Karibu na sisi, Uganda ilisaini mkataba wa 2021 na kampuni ya Urusi wa kuweka namba za kidijitali kwa kila gari na boda boda, ili polisi wajue liko wapi. Sababu iliyotolewa ni mauaji ya kutumia pikipiki, na hayo mauaji yalikuwa ya kweli. Hata hivyo wanasheria na watetezi wa haki waliuliza swali rahisi: mpinzani wa serikali akiendesha gari lake kwenda kwa wakili, nani anaona?

Kenya nayo iko ndani. Pasipoti za chipu zilianza 2017. Kifungu cha 31 cha Katiba kinakupa haki ya faragha, na Sheria ya Kulinda Data ilipitishwa 2019. Si mapambo. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilisema utoaji wa kadi za Huduma Namba haukufuata sheria, kwa sababu serikali haikupima kwanza madhara yake kwa data za wananchi. Mtu alienda kortini na swali, na swali likasimamisha mabilioni.

Kwa hivyo ukipewa kadi mpya, beji mpya ya kazi ama namba mpya ya gari, hakuna haja ya kuivunja kwa nyundo kama fundi wa Kennan. Uliza tu mambo 4. Ndani kuna nini? Inasomwa kutoka umbali gani? Nani ana mashine ya kuisoma? Rekodi zinakaa kwa nani, na hadi lini? Sheria inakupa haki ya kujibiwa. Harriman hakuuliza, kwa sababu zawadi ilikuwa mrembo na waliobeba walikuwa watoto.